Sinia la Saa Nne: Kisa cha Karani Mmoja wa Shimanzi

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mwanamume wa miaka 46, karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Shimanzi, Mombasa, kampuni ambayo sitaitaja. Kwa kuwa wenzake wangemtambua upesi, nimebadilisha mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa, naye nimemwita Karani tu. Mimi nilihusika nikiwa mtaalamu wa lishe mwenye mkataba wa siku mbili kila mwezi katika mpango wa afya wa wafanyakazi, na kati ya makosa nitakayoyaeleza yapo yaliyo yangu. Swali lililonisukuma kuandika ni hili: ilikuwaje mtu aliyejua tangu siku ya kwanza kilichokuwa kikimdhuru akakaa miezi minne bila kubadilisha chochote, kisha akabadilika katika miezi mitano iliyofuata bila kufundishwa jambo jipya hata moja?

Vipimo vya kwanza vilifanywa Agosti 2024, wafanyakazi wote walipopimwa katika ukumbi mdogo wa ofisi. Karani alikuwa na uzito wa kilo 94 na urefu wa mita 1.70, kiuno chake kilikuwa sentimita 106, na presha ilisoma 152 juu na 96 chini. Aliporudiwa baada ya juma moja, presha ilikuwa bado juu ya 140 kwa 90, mpaka ambao mtu akiuvuka mara kwa mara huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.4 kwa lita. Hicho si kisukari, kwa maana kisukari hutajwa kuanzia 7.0, lakini Shirika la Afya Duniani huiweka sukari ya 6.1 hadi 6.9 katika daraja la watu wanaokielekea. Kwa ufupi, alikuwa mtu asiyejihisi mgonjwa, asiyekosa kazini, na ambaye mwili wake ulikuwa umeshaanza kulalamika kimyakimya.

Ili kuelewa ulaji wake ni lazima kwanza kuifuata siku yake. Karani anaishi Likoni. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kutia kitu kinywani, kwa kuwa foleni ya feri haina adabu na yeye hapendi kufika kazini amechelewa. Akishavuka huchukua matatu hadi mjini, kisha tuktuk hadi Shimanzi, na kufikia saa mbili yumo mezani. Tangu chakula cha usiku wa jana hadi chai ya saa nne hupita saa kumi na tatu au zaidi. Chai hiyo basi ndiyo mlo wake wa kwanza, na mtu mwenye njaa ya namna hiyo hachagui; hula kilicho mbele yake. Kilichokuwa mbele yake kila siku ya kazi kilikuwa sinia lililojaa mahamri, viazi karai na sambusa, vilivyoletwa na mama mmoja wa Majengo aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi wa ofisi hiyo tangu enzi za meneja aliyetangulia.

Chai yenyewe ilichemshwa katika birika kubwa la umeme, maziwa, majani na sukari pamoja. Nilipomuuliza Karani anatia vijiko vingapi vya sukari, alinijibu kwamba hajawahi kutia sukari katika chai ya ofisi kwa miaka kumi na moja, na alikuwa akisema kweli. Ilikuwa imekwishatiwa. Nilimwomba mpishi anionyeshe kipimo chake, tukagawa kwa idadi ya vikombe, tukapata vijiko vidogo vitatu kwa kila kikombe. Karani hunywa vikombe vinne kwa siku, yaani vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikiwa nusu ya hiyo. Karani alikuwa ameufikia ukomo kwa chai peke yake, kabla hajafungua chupa ya soda ya mchana, ambayo kwa mililita 300 hubeba zaidi ya gramu 30 nyingine.

Sasa tutazame mpango ulimfanyia nini katika miezi ile minne ya mwanzo. Ulimpa mihadhara miwili ya saa moja moja, daftari la kuandika alichokula, na mabango ukutani. Mabango hayo niliyachagua mimi, nami nakiri kwamba yalikuwa na picha za samaki wa maji baridi ya kaskazini, mboga zisizopatikana Kongowea kwa bei ya mtu wa kawaida, na bakuli la shayiri lenye matunda ambayo nusu ya wasomaji wake hawakuyajua kwa jina. Daftari alilijaza vizuri kuliko mfanyakazi mwingine yeyote, kwa kuwa kujaza fomu ndiyo kazi yake. Ukurasa baada ya ukurasa ulionyesha mahamri manne, viazi karai vitatu, chai, wali, soda. Alijua. Alipoulizwa katika mhadhara ni chakula gani kinafaa kupunguzwa, alinyoosha mkono na kujibu kama mwanafunzi bora wa darasa.

Kisha likaja shindano la kupunguza uzito. Wazo hilo lilitoka kwa idara ya rasilimali watu, nami sikulipinga kwa nguvu iliyostahili. Majina na kilo za kila mmoja viliandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa jiko, ili watu watiane moyo. Kilichotokea ni kwamba Karani, aliyekuwa na kilo nyingi kuliko wote, alipachikwa jina la Tani ndani ya siku mbili. Alicheka na wenzake, kama ambavyo watu wazima hucheka, kisha hakuja tena kwenye mizani. Septemba hakupimwa, Oktoba akadai ana kazi ya meli, Novemba alituma udhuru kwa mdomo wa mwenzake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na nilipowakumbusha wakubwa jambo hilo ubao ulifutwa siku hiyohiyo. Lakini jina halifutiki kwa kitambaa. Baadaye aliniambia kwamba kilichomuumiza hakikuwa jina lenyewe. Alikuwa amehofu kwamba kilo zile na presha ile zingefika kwa aliyekuwa akiamua nani apandishwe cheo.

Mambo haya si ya Shimanzi peke yake. Mwaka 2019 Zirui Song na Katherine Baicker walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya utafiti uliofanywa ndani ya kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, BJ's Wholesale Club, yenye wafanyakazi wapatao 33,000, ambamo vituo vya kazi vilivyopewa mpango wa afya vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa vituo vilivyokuwa na mpango walisema zaidi kuliko wengine kwamba wanafanya mazoezi na kuangalia uzito wao, lakini presha, mafuta ya damu, uzito uliopimwa, gharama za matibabu na siku za kukosa kazini havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Wapo waliousoma utafiti huo kama hukumu ya kifo kwa mipango yote ya namna hii. Mimi nausoma kwa njia nyingine: elimu na ushauri vinapomwagwa juu ya watu ambao mazingira yao ya kula hayajaguswa, kinachobadilika ni majibu yao kwenye dodoso. Karani na daftari lake walikuwa ushahidi hai.

Mgeuko ulianza Desemba, na haukuanza na Karani. Ulianza kwa kosa jingine. Msimamizi mmoja, kwa nia njema, alimzuia mama wa Majengo kuleta vitafunio na badala yake akaagiza kikapu cha tufaha na karoti mbichi. Siku ya kwanza tufaha zililiwa. Siku ya tatu karoti zilikuwa zimenyauka kwa joto la ofisi isiyo na friji, na vijana wa kupeleka nyaraka walikuwa wakitumwa langoni kununua viazi karai kwa wengine. Siku ya tano mama yule alikuja mwenyewe kuuliza amekosa nini.

Niliketi naye kwenye benchi ya mlinzi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za mafuta yanayorudiwa na sukari ya unga. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema: “Mwanangu, mimi siyapiki mahamri kwa kuwa nayapenda. Nayapika kwa kuwa yanakwisha.” Katika sentensi hiyo mlikuwa na biashara nzima ambayo mpango wetu haukuwahi kuihesabu. Hamri halikai na kubaki, na faida yake ni nzuri kwa sababu unga unaumuka na mafuta yanatumika zaidi ya mara moja. Muhogo wa kuchemsha huuzwa bei ya chini na ukipoa hakuna anayeutaka. Matunda yaliyokatwa yasiyouzwa kufikia saa sita ni hasara tupu katika joto la Mombasa. Alikuwa anajua kupika kila nilichotaka kupendekeza, na alikuwa amekula vyakula hivyo utotoni. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumhakikishia kwamba vitanunuliwa.

Tulichofanya basi ni makubaliano ya ununuzi. Kampuni, ambayo tayari ilikuwa ikilipia majani na maziwa, ilikubali kununua sinia zima kwa bei moja kila siku, badala ya kila mfanyakazi kutoa shilingi zake, ili mama huyo asipungukiwe hata likibaki kidogo. Naye akapanga sinia upya: viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha, mayai ya kuchemsha, njugu za maganda, mahindi katika msimu wake, na paipai, ndizi au tikiti lililokatwa asubuhi ileile. Mahamri yalibaki siku mbili kwa juma, Jumatatu na Ijumaa, tena madogo, na mbaazi zilizopikwa kwa tui jepesi. Hapo aliweka mguu chini: Ijumaa bila mahamri hakuikubali, na nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi. Sukari ilitolewa kwenye birika ikawekwa kwenye bakuli kando, na kijiko kidogo.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna msomaji atakayesema kwamba muhogo na viazi vitamu navyo ni wanga, na mtu mwenye sukari ya 6.4 anapaswa kuvikwepa. Wanga ni kweli. Lakini kilichoondolewa katika mlo ule wa kwanza ni mafuta ya kukaangia na sukari iliyofichwa, na kilichoongezwa ni yai na njugu, vitu vinavyomshibisha mtu hadi saa saba. Soda ya mchana ilipungua yenyewe. Karani aliacha kuinunua kwa sababu, kwa maneno yake, hakuwa tena na kile kiu cha saa sita. Sikumwambia aiache.

Kwamba kupanga upya kinachoonekana mbele ya mlaji kunaweza kuzaa tabia inayodumu, si jambo la kubuni. Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston ilianza mwaka 2010 kuvipa vyakula vya mkahawa wake alama za kijani, njano na nyekundu, kisha ikavisogeza vile vya kijani na maji ya chupa mahali panapofikiwa kwanza na macho na mikono. Miaka miwili baadaye ununuzi ulikuwa bado umeegemea upande mzuri. Tofauti haikuwa kubwa ya kutisha, lakini ilidumu. Sisi hatukuweka rangi. Sinia lilitosha.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi, na hapa nilifanya kosa langu la pili. Nilimpa Karani picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo wanga, robo kitoweo. Aliitazama, akauliza kwa heshima ni sahani ya nani. Katika nyumba yake watu saba hula kutoka sinia moja, wali ukiwa umetandazwa na mtuzi ukimwagwa katikati, na mtu anayejitenga na sahani yake huonekana amenuna au anaumwa. Picha yangu ilikuwa inamtaka asile na watoto wake.

Mkewe, niliyezungumza naye kwa simu na baadaye nyumbani kwao, ndiye aliyelimaliza jambo hili. Nilikuwa nimeandika katika ushauri wa kwanza kwamba nazi iachwe. “Dada,” alisema, “wali usio na nazi nimpikie nani?” Tulipoanza kuzungumza juu ya kipimo badala ya kukataza, alikuwa na majibu mengi kuliko yangu. Alipunguza mchele wa usiku kutoka kilo moja hadi robo tatu. Aliupika wali kwa tui la pili, lile jepesi, na tui zito akalitumia kwa samaki siku za mwisho wa juma tu. Katikati ya sinia, mahali pa mtuzi, akaweka bakuli la mchicha au mnavu, na kachumbari akaizungusha pembeni ili kila mkono upite hapo kabla ya kufika kwenye wali. Ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, na achari, ambavyo Karani alivipenda sana na ambavyo vilikuwa vikimpa sehemu kubwa ya chumvi yake, alivifanya vya Jumapili. Kipimo kinachoshauriwa cha chumvi ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, karibu kijiko kimoja kidogo, na kipande kimoja cha ng'onda huweza kula sehemu nono ya kijiko hicho. Kwa watoto hakueleza chochote. Walikula kilichokuwa mbele yao, kama baba yao kule ofisini.

Januari Karani alikubali kwenda kliniki, ambako daktari alimwanzishia kidonge kimoja cha presha. Jambo hili ni muhimu katika kusoma vipimo vya baadaye, na nitalirudia. Alianza pia kutembea kutoka ofisini hadi mjini jioni badala ya kupanda tuktuk, siku ambazo hakukuwa na mvua.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na katika mwaka huo Kwaresima ya Wakatoliki iliingia mwezi huohuo, kwa hiyo kwa majuma kadhaa sinia la saa nne lilikuwa na walaji wachache mno. Makubaliano na mama wa Majengo yangeweza kufia hapo. Kwa bahati msimamizi aliona mapema, wakakubaliana kwamba kwa mwezi huo alete kidogo kwa wasiofunga, na kampuni imlipe nusu, naye wakati wa jioni auze futari nyumbani kwake kama afanyavyo kila mwaka. Kwa Karani, mfungo wenyewe haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kati ya magharibi na usingizi. Kaimati, viazi karai, sambusa, ndizi za nazi, muhogo wa nazi na sharubati vilirudi vyote mezani kwa pamoja, na katika majuma mawili ya kwanza alipata kilo moja na nusu. Hakujificha safari hii. Alinitumia ujumbe yeye mwenyewe, na mkewe akaamua kwamba kila siku kitakaangwa kitu kimoja tu, watoto wachague ni kipi, futari ifunguliwe kwa tende na maji, uji upikwe kwa pilipili manga na sukari kidogo, na daku iwe na maharagwe au mbaazi ili asishinde na njaa. Saa ya kumeza kidonge aliulizwa daktari, akaihamishia wakati wa futari. Kilo ile moja na nusu ilikuwa imeondoka kufikia wiki ya pili baada ya Idi.

Mwanzoni mwa Mei 2025 alipimwa kwa faragha, matokeo yakawekwa kwenye bahasha, na kampuni ikapewa jumla za wafanyakazi wote bila majina. Uzito wake ulikuwa kilo 88.5, kiuno sentimita 100, presha 136 kwa 87, na sukari ya asubuhi 5.9. Ni vizuri kuwa mwangalifu hapa. Presha haiwezi kuhesabiwa kuwa zawadi ya mchicha wakati mtu anameza dawa. Sukari ilipimwa mara moja tu mwanzoni na mara moja mwishoni, na kipimo kimoja hupanda na kushuka kwa sababu nyingi. Kilichobaki ni uzito na kiuno. Kilo tano na nusu ni chini kidogo ya asilimia 6 ya uzito wake wa awali. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002, washiriki waliotakiwa kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Karani hajafika hapo. Yuko njiani, na hata akifika atakuwa mtu mmoja, asiyethibitisha lolote kwa wengine.

Ninachoweza kukitetea ni hoja nyembamba zaidi. Chakula cha Karani hakikuwa kikiamuliwa na Karani. Kiliamuliwa na mpishi wa chai, na mama wa Majengo, na mkewe, na ratiba ya feri, na katika miezi minne ya mwanzo mpango wetu ulimshughulikia yeye peke yake kana kwamba ndiye aliyeshika mwiko. Gharama ya awamu ya pili, nikiondoa muda wangu, ilikuwa ni kununua sinia ambalo wafanyakazi walikuwa wakilinunua wenyewe tayari, na bakuli la sukari.

Liko jambo moja ambalo halijatatuliwa. Kila juma la tatu Karani huingia zamu ya jioni, kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku, akisubiri nyaraka za meli. Jiko hufungwa saa kumi, mama wa Majengo amekwisha kwenda zake, na kilichopo ni karai la langoni na soda ya duka la jirani. Daftari lake, ambalo bado analijaza, linaonyesha kwamba karibu vyote vilivyokaangwa anavyokula sasa vinaangukia majuma hayo. Mwezi Februari tuliomba friji dogo, ili mkewe ampakie chakula na mama aache matunda yaliyokatwa. Mhasibu alitaka bei tatu za kulinganisha, zimepelekwa. Friji halijanunuliwa.